Lenzi ya zamani imeharibika: namna ya kuamua kama inastahili kutengenezwa

Swali ni lilelile, linabadilika sauti tu. Mmoja amerithi kamera ya babu, mwingine ameokota lenzi kwenye rundo la vyuma Sabasaba, mwingine kaletewa na shemeji kutoka Tanga. Wote wanauliza: "Ndani kuna utando, nifungue nisafishe?" Nimeamua kuliandika jibu kwa utaratibu mara moja, ili ukiwa na lenzi mkononi ufuate hatua na usihitaji kunisubiri.

Jibu fupi ni kwamba usifungue bado. Lenzi nyingi nilizoona zimekufa hapa Dodoma hazikuuliwa na kuvu wala vumbi, ziliuliwa na bisibisi ya mtu aliyekuwa na haraka. Kuamua kama lenzi inastahili kutengenezwa ni kazi inayofanyika ikiwa imefungwa, na huhitaji kuwa fundi. Ushike hili: kioo ndicho kinachoamua. Chuma kilichobonyea, grisi iliyokauka, ringi inayogoma, vyote hivyo vina dawa. Kioo kilicholiwa hakina.

Kabla hujaanza, uwe na hivi:

- Tochi yenye mwanga mkali na mwembamba. Ya simu inafaa, ila tochi ndogo ya mkononi ni bora.
- Kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia.
- Kitambaa safi cha miwani na vijiti vya pamba.
- Isopropili, ile ambayo mafundi simu husafishia bodi. Spiriti ya duka la dawa wakati mwingine ina mafuta ndani yake, huacha michirizi.
- Kamera ya kujaribia, pamoja na adapta (ringi ya kuunganisha lenzi na kamera isiyo yake) inayolingana na lenzi.
- Karatasi na kalamu. Unachokiona, kiandike. Ukifika mwisho utakuwa umesahau ulichokiona mwanzo.

Bisibisi sijaiweka kwenye orodha, na sikuisahau.

Hatua ya 1. Jua umeshika nini

Soma maandishi yaliyozunguka kioo cha mbele. Utaona jina, urefu wa fokasi kwa milimita, na uwazi mkubwa wa apecha, yaani tundu la kupitishia mwanga, kwa mfano 1:2 au 1:1.4. Kisha geuza uangalie kitako, yaani sehemu inayoshika kwenye kamera. Kikiwa na nyuzi za kuzungusha kama kifuniko cha chupa na kipenyo cha milimita 42, hicho ni M42, kitako cha kamera za Zenit, Praktica na Pentax za zamani. Kikiwa na meno ya kuingiza na kugeuza, inaweza kuwa Nikon F, Canon FD, Minolta au nyingine.

Kwa nini uanze na hili? Kwa sababu lenzi nzuri isiyo na kamera ya kuipokea itakaa kabatini. M42 inaingia vizuri kwenye Canon EOS kwa adapta nyembamba. Kwenye Nikon za kioo cha ndani (DSLR, zenye kioo kama cha kujitazamia nyuma ya lenzi) inaingia, lakini haitafokasi vitu vya mbali, yaani havitatoka vikali, mpaka adapta iwe na kioo chake cha lenzi, na kioo hicho mara nyingi kinapunguza ubora. Canon FD nayo haikubaliani na Canon EOS za kioo cha ndani kwa sababu hiyohiyo: umbali kati ya kitako na filamu haulingani. Kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani, kama Sony E, Canon RF na Nikon Z, karibu zote hizi zinafanya kazi kwa adapta tupu isiyo na kioo.

Hapohapo uliza kama lenzi yako ni ya kawaida au adimu. Helios 44-2, milimita 58 na uwazi wa f/2 (ndiyo ile 1:2), ilitengenezwa Umoja wa Kisovieti kwa wingi mno. Ni mtoto wa Biotar, lenzi ya Kijerumani ya Zeiss Jena, na ilikuja na kamera za Zenit. Za milimita 50 zenye f/1.8, za Canon, Nikon na Pentax, nazo ni nyingi. Ukiwa na lenzi ya aina hizi iliyoumia vibaya, kuna nyingine nzima mahali fulani inayosubiri mnunuzi.

Hatua ya 2. Uliza ilikoishi

Watu wengi huiruka hatua hii, mimi naithamini sana. Sisi huku tuna mvua za msimu mmoja, karibu Desemba hadi Aprili, halafu miezi inayobaki ni ukame, upepo na vumbi jekundu. Pwani ni unyevu mwaka mzima. Lenzi iliyozeekea Dodoma, Manyoni au Singida naikagulia kwanza mchanga ndani ya ringi na grisi iliyokauka. Iliyozeekea Tanga, Dar es Salaam au Unguja naikagulia kwanza kuvu. Uliza pia kama ilikaa kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kuvu huupenda mfuko huo kabla hajaingia kwenye kioo.

Hatua ya 3. Kagua nje

Itikise taratibu karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, kuna kioo au bisi (skrubu) iliyolegea. Angalia vichwa vya bisi: vikiwa vimechubuka, lenzi imeshafunguliwa na mtu asiye na vifaa, kwa hiyo usiamini kwamba kila kitu kiko mahali pake.

Ukingo wa mbele uliobonyea unatisha kwa macho, lakini wenyewe hauharibu picha. Unachokitafuta ni kama pigo lile lilisogeza vioo, na hilo utalijua kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 4. Tochi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, usiende haraka. Ingia chumba chenye giza kiasi, fungua apecha yote, ondoa vifuniko vya mbele na nyuma. Mulika kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele kwa upande, si moja kwa moja kwenye mwanga. Kisha geuza, umulike kutoka mbele. Zungusha lenzi polepole. Utaona mambo mengi kuliko ulivyotarajia, hata kwenye lenzi mpya, na hilo lisikutie hofu. Kazi yako ni kuyatofautisha.

*Vumbi.* Nukta nukta zilizotawanyika. Kila lenzi ya zamani inazo. Haionekani kwenye picha. Usifungue lenzi kwa ajili ya vumbi, kwa sababu hapa kwetu utaingiza jingine zaidi ya ulilolitoa.

*Kuvu.* Nyuzi nyembamba zenye matawi, kama mizizi ya mche mchanga au utando wa buibui, mara nyingi zikianzia pembezoni. Zikiwa chache na nyembamba, kioo chini yake huenda bado kizima. Tatizo la kuvu ni kwamba hutoa tindikali inayokula ule utando wa rangi uliopakwa kiwandani, na baadaye kioo chenyewe. Kikishaliwa, ukisafisha, kuvu inaondoka lakini ramani yake inabaki.

*Ukungu.* Weupe wa maziwa uliotanda sawasawa, unaoonekana zaidi tochi inapomulika kwa nyuma. Mara nyingi ni mvuke wa grisi ulioganda juu ya kioo kwa miaka. Kwa macho ya kawaida lenzi inaonekana safi, ukimulika unashtuka. Ukungu wa grisi husafishika, na lenzi inazaliwa upya. Ndiyo sababu wakati mwingine lenzi inayoonekana mbaya zaidi ndiyo inayostahili pesa zako.

*Gundi iliyoachia.* Ndani ya lenzi nyingi kuna vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, na gundi ya zamani ilikuwa utomvu wa mti. Ikiachia utaona rangi za upinde wa mvua kama mafuta juu ya dimbwi, au ukingo unaong'aa dhahabu au fedha, au mapovu. Hakuna kitambaa kitakachofika pale. Kuvitenganisha na kuvigandisha upya kwa usahihi si kazi ya mezani nyumbani. Ukiona hivyo kwenye lenzi ya kawaida, umeshapata jibu.

*Mikwaruzo.* Angalia iko upande gani. Wa mbele una madhara kidogo. Kama huamini, bandika kipande kidogo cha karatasi katikati ya kioo cha mbele cha lenzi yako nzima, upige picha, halafu ukitafute kwenye picha. Hutakiona. Wa nyuma ni habari nyingine, kioo cha nyuma kiko karibu na filamu au sensa (kipokea picha cha kamera ya kidijitali), na mkwaruzo mnene pale unaharibu kila picha. Kama kioo cha mbele kimemeguka kipande pembeni, wapiga picha wa zamani walipaka wino mweusi kwenye jeraha ili lisirushe mwanga ovyo. Bado inafaa.

*Umanjano.* Weka lenzi juu ya karatasi nyeupe. Ikionekana ya rangi ya chai, huenda ina thoriamu, madini yenye mionzi, kwenye kioo. Super-Takumar ya Pentax, 50 mm f/1.4, inajulikana kwa hilo. Si uchafu, usifungue. Mionzi ya jua huirudisha kuwa nyeupe, na jua la Dodoma tunalo la kutosha. Iweke dirishani, upande wa nyuma ukielekea jua, na karatasi ya alumini chini yake, kwa siku nyingi mfululizo. Tumia jua la asubuhi, maana la saa saba linachemsha grisi hadi inatiririka kwenye apecha. Usiiache karibu na pazia au makaratasi: lenzi ikikusanya jua inawasha moto. Kioo cha thoriamu kina mionzi hafifu, kwa hiyo kisisagwe wala kung'arishwa nyumbani.

Hatua ya 5. Apecha

Zungusha ringi ya apecha huku ukitazama ndani. Mabapa ya chuma yafunge na kufunguka kwa pamoja, kila upande ukubwa mmoja. Lenzi ikiwa na kipini kidogo nyuma, kibonyeze na kukiachia: mabapa yaruke papo hapo. Yakijikokota, yana mafuta. Kwenye lenzi za apecha ya kujifunga yenyewe huo ni ugonjwa wa kutibiwa, kwa sababu picha zitatoka na mwanga kupita kiasi. Kwenye lenzi za kuzungusha kwa mkono, kama Helios 44-2, mafuta kidogo hayazuii kazi, ila mafuta hayo ndiyo yatakayokuwa ukungu kesho. Yaandike.

Hatua ya 6. Ringi ya fokasi

Izungushe mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nzito lakini laini, grisi imekauka, na hiyo hutibika. Ikikwaruza na ukasikia mchanga, acha kuzungusha papo hapo. Kila mzunguko unasaga nyuzi za ndani ambazo ringi huzungukia. Ikicheza kushoto na kulia kama jino bovu, nyuzi zimelika au bisi zimelegea.

Onyo ambalo nitalirudia hadi sauti inikauke: usinyunyizie WD-40, usitie mafuta ya cherehani, usitie mafuta ya taa. Ringi italainika siku tatu, halafu mafuta yatatembea hadi kwenye apecha na kwenye kioo. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo matatu.

Hatua ya 7. Piga picha

Watu wanatoa hukumu kwa tochi peke yake, nao wanakosea. Tochi inaonyesha kila dhambi, kamera ndiyo inayosema ipi ina uzito. Piga picha tatu:

1. Kitu cha mbali sana, mnara wa simu au ukingo wa kilima, apecha ikiwa wazi yote na kisha ikiwa imebanwa hadi f/8. Linganisha kona nne. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine mkali hata kwenye f/8, vioo vimesogea.
2. Mtu au kitu cheusi mbele ya dirisha lenye mwanga. Nyeusi ikitoka kijivu, ukungu au kuvu ina madhara ya kweli.
3. Ukurasa wa gazeti ukutani, kwa umbali wa mita mbili.

Nitakupa mfano. Mzee mmoja kutoka Kondoa aliniletea Zenit yake imefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka mezani. "Mwanangu, nimepigia harusi nyingi na hii. Niambie kama jicho lake bado linaona." Nikamulika. Kuvu, nyuzi kama sita hivi, zikitoka pembezoni mwa kioo cha mbele kuelekea ndani, hazijafika katikati. Ringi nzito. Apecha na mafuta kidogo. Kwa tochi ungesema basi. Tukaivua lenzi, nikaifunga kwenye kamera yangu, nikampiga yeye mwenyewe mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake. Kofia yake nyeusi ikatoka nyeusi, na nyuzi za mshono zikahesabika. Nilisafisha vioo vya nje tu, sikufungua kingine. Akaifunga tena kwenye kanga akaondoka nayo.

Hatua ya 8. Hesabu

Andika namba mbili: bei ya lenzi kama hiyo ikiwa nzima, na gharama ya kutengeneza yako, ukijumlisha fundi, vifaa, na nauli ya kuipeleka Dar kama hapa hujapata fundi. Adapta usiiweke, ungeihitaji hata kwa lenzi nzima. Mimi nina kanuni moja: gharama ikivuka nusu ya bei ya nzima, naiacha. Tuseme, kwa mfano tu, nzima ni shilingi 120,000 na matengenezo ni 80,000. Ongeza 40,000, upate isiyo na historia ya ugonjwa.

Vitu viwili vinavunja kanuni hii. Cha kwanza ni uadimu. Cha pili ni damu: lenzi iliyokupiga wewe ukiwa mtoto haina bei sokoni, na nisingemwambia mtu asitumie pesa zake kwa hiyo. Ila ajue anatumia kwa ajili ya nini.

Hatua ya 9. Toa uamuzi

*Itengeneze* ikiwa ina ukungu, mafuta kwenye apecha, ringi nzito, ukingo uliobonyea, au kuvu changa isiyofika katikati na picha zinaonyesha kupoteza weusi.

*Itumie ilivyo* ikiwa kasoro zinaonekana kwenye tochi lakini si kwenye picha. Nyingi ziko hapa.

*Iache, au itunze kama ya vipuri,* ikiwa gundi imeachia, kioo cha nyuma kimekwaruzwa sana, kuvu imekula kioo, au nyuzi za fokasi zimesagika. Usiitupe. Ringi zake, bisi zake na mabapa yake yataokoa nyingine.

Ukiamua kuitengeneza mwenyewe

Anza na lenzi ya bei ndogo ambayo hutalia ikifa. Lenzi za Kijapani zina bisi zinazofanana na za nyota ya kawaida lakini si zenyewe. Zinataka bisibisi ya kipimo cha JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Mimi sikujua. Lenzi yangu ya kwanza, ya milimita 50, niliishika kwa bisibisi ya nyota ya kufungulia redio. Kichwa cha bisi kikachubuka, nikaitoboa kwa kekee, unga wa chuma ukaingia kwenye nyuzi za fokasi, na hadi leo haizunguki. Ilikuwa na ukungu tu, ugonjwa wa nusu saa.

Piga picha kila hatua kwa simu. Kabla ya kuchomoa nyuzi za fokasi, weka alama pale zinapoachiana, maana zina njia nyingi za kuingia na moja tu ndiyo sahihi. Kioo kikitoka, chora mshale kuonyesha upande wa mbele. Kwa kuvu, futa kwa isopropili kwanza, kisha peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, halafu isopropili tena. Usiguse kioo kwa kitu chochote chenye Jiki.

Na vumbi letu: fanyia kazi bafuni. Mwagia maji sakafuni na ukutani, funga mlango, subiri robo saa vumbi litue, ndipo uingie. Mwezi wa nane, upepo ukivuma, hata hivyo sifungui lenzi.

Mambo yakikataa

*Kamera haifyatui.* Kamera haijui kama kuna lenzi. Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi.

*Apecha haifungi ikiwa kwenye adapta.* Kama ni M42 yenye swichi ya A na M, weka M. Kama haina swichi, tafuta adapta yenye ukingo unaobonyeza kipini cha nyuma. Canon FD inataka adapta yenye ringi ya kufungua na kufunga.

*Vitu vya mbali havikai kwenye fokasi.* Jaribu adapta nyingine kabla ya kulaumu lenzi. Kama imeshafunguliwa, huenda nyuzi ziliingia njia isiyo yake, au kioo kimoja kimegeuzwa.

*Nimesafisha kuvu, alama bado zipo.* Kioo kimeliwa. Acha kusugua, utaongeza mikwaruzo. Piga picha, uone kama zina madhara kabla ya kuhuzunika.

*Kuvu imerudi.* Ukame wetu huilaza tu, mbegu zake hubaki hai, na safari moja ya wiki mbili pwani inatosha kuiamsha. Tenga lenzi hiyo na nyingine. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na punje za silika, zile za kwenye maboksi ya viatu. Punje zikishachoka, zimwage kwenye sufuria kavu, uzipashe kwa moto mdogo hadi zikauke, zipoe, uzirudishe. Mchele usitumie, unga wake utaingia kwenye ringi.